Kijana, mtu mzima na mzee katika darasa moja la madereva walevi: je, somo liwe moja?

Swali la msomaji: "Mwalimu, naendesha darasa la madereva waliokamatwa wakiendesha gari wakiwa wamelewa. Mahakama inawaleta kwangu kwa majuma manne. Darasa la sasa lina kijana wa miaka 19, watu wazima kadhaa wa miaka thelathini na arobaini na kitu, na mzee wa miaka 68. Nikiwaonyesha picha za ajali, kijana anacheka, watu wazima wanaangalia saa, na mzee ananiambia yeye si mlevi. Je, niwagawe kwa umri? Na nikiwagawa, nimfundishe nani nini?"

Mwenzangu,

Kabla hujagawa mtu yeyote, ziweke kando zile picha za ajali. Ukweli wake haukanushiki: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na hakuna kinachoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Lakini hofu ikimfika mtu bila kuonyeshwa pa kutokea, ataikwepa. Kijana anaikwepa kwa kucheka, mtu mzima kwa kuangalia saa, mzee kwa kukuambia yeye si mlevi. Ukiwasikiliza vizuri, wote wamekujibu neno moja: "Huyo kwenye picha si mimi."

Tofauti ya umri iko hapo. Kila umri una sababu yake ya kuamini kwamba "huyo si mimi", na sababu hiyo mimi naiita kinga ya uongo. Kijana anajiona amekingwa na wepesi wa mwili wake na wenzake waliojaa garini. Mtu mzima anajiona amekingwa na safari zote alizokunywa akafika salama. Mzee anajiona amekingwa na kiasi: miaka arobaini ya bilauri mbili za jioni, na hajawahi kuyumba. Kazi yako ni kuijua kinga ya kila mmoja na kuibomoa kwa upole mpaka yeye mwenyewe aone haipo.

Kuna sehemu ya somo ambayo ni ya wote, na ningeianza siku ya kwanza kwa chaki na ubao. Ini la mtu huondoa pombe kwenye damu kwa kasi ya takriban gramu 0.015 kwa desilita kila saa. Kahawa haiongezi kasi hiyo. Maji baridi hayaiongezi, wala jasho. Mtu aliyeacha kunywa saa sita usiku akiwa na kiwango cha 0.18, ikifika saa kumi na mbili asubuhi bado ana 0.09. Amelala, ameoga, amevaa nguo za kazi, na bado yuko juu ya 0.08 ambayo ndiyo kikomo katika karibu majimbo yote ya Marekani, na karibu mara mbili ya 0.05 inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Damu yake itasafika kwenye saa sita mchana. Waache waifanye hesabu hiyo wenyewe, kwa usiku ule waliokamatwa. Nimewaona watu wazima walioangalia saa tangu kikao kuanza wakinyamaza kabisa mbele ya ubao, maana hawakuwahi kufikiri kwamba asubuhi nayo ni sehemu ya ulevi wa jana.

Sasa kijana wako. Kiwango kilekile cha pombe kinamweka kwenye hatari kubwa zaidi ya ajali kuliko dereva wa miaka 40. Ukimweleza kwamba ni kwa sababu vijana hawana akili, umempoteza, na tena umemdanganya. Dereva mzoefu hutazama kioo, hupunguza mwendo kwenye kona na kumkadiria mtembea kwa miguu bila kuyawazia mambo hayo. Mikono na macho yamekwisha kujifunza. Mgeni wa usukani anatumia umakini wake wote kwa kazi hiyohiyo. Na pombe huanza kudokoa umakini mapema sana, kabla ulimi haujawa mzito na kabla miguu haijayumba. Mzoefu akipoteza sehemu ya umakini anabaki na akiba kidogo. Kijana hana akiba. Ongeza hapo kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima madhara na kumwambia mtu "ngoja kwanza", inaendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya ishirini.

Hii ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha 0.02 kwa madereva vijana na wageni, wakati wengine wanapewa 0.05. Ndiyo maana pia New Zealand mwaka 1987 ilianza kutoa leseni kwa hatua, dereva mpya akizuiwa kwanza kuendesha usiku na kubeba abiria bila msimamizi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1984 ilizisukuma serikali za majimbo kuweka miaka 21 kuwa umri wa kununua pombe, na ya mwaka 1995 ikazisukuma kuweka kikomo kisichozidi 0.02 kwa madereva walio chini ya umri huo. Vijana wengi huziona sheria za namna hii kuwa dharau ya wakubwa. Ukiwaeleza habari ya akiba, wanaanza kuona kwamba sheria imepimwa kwa hali yao halisi. Kwa uzoefu wangu, maelezo hayo yanafanya kazi kuliko picha kumi za magari yaliyopondeka.

Lakini kujua peke yake hakumtoi kijana kwenye gari saa nane usiku. Kinachomweka pale ni wenzake. Hatari ya ajali kwa dereva kijana hupanda kila anapoongezeka abiria wa rika lake, hata pasipo pombe. Kuna dodoso fupi la vijana liitwalo CRAFFT, na herufi yake ya kwanza, C, inasimama badala ya gari (car kwa Kiingereza): linamuuliza kijana kama amewahi kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa au aliyetumia dawa za kulevya, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe. Angalia busara ya swali hilo. Halimtafuti mkosaji, linatafuta hatari, na abiria anahesabiwa sawa na dereva. Kwa hiyo kipindi cha vijana kisiishie kwenye "usiendeshe". Waambie watamke, kwa sauti, maneno watakayomwambia rafiki anayewasha gari naye amekunywa. Waambie waamue kabla ya tone la kwanza nani ataendesha na nani atapigiwa simu. Maneno ambayo mtu hajawahi kuyatamka mdomoni hayaji yenyewe usiku wa manane, na kijana anayeogopa kuonekana mwoga anahitaji maneno mafupi aliyokwisha kuyazoea.

Kuhusu kicheko chake: anacheka kwa sababu anatazamwa. Mchukue peke yake kwa nusu saa na kicheko kitaisha. Mwaka 1999 Peter Monti na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya vijana wa miaka 18 na 19 waliofikishwa chumba cha dharura baada ya tukio lililohusisha pombe. Waliopata mazungumzo mafupi ya ana kwa ana ya kuhamasisha mabadiliko, miezi sita baadaye walikuwa na visa vichache zaidi vya kuendesha wakiwa wamekunywa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mazungumzo hayo, ambayo msingi wake uliwekwa na William R. Miller mwaka 1983, hayana hotuba. Unamuuliza kijana mwenyewe anaipenda nini pombe, imemgharimu nini, na angependa mwaka ujao uwe vipi, kisha unamrudishia maneno yake aliyoyasema. Muulize pia alianza kunywa akiwa na umri gani. Aliyeanza kabla ya miaka 15 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya uraibu baadaye, na huyo usimwachie darasa peke yake.

Bangi itajitokeza, usiikwepe. Kijana atakuambia akivuta anaendesha polepole na kwa uangalifu. Kuna chembe ya ukweli humo, kwa hiyo usimbishie kwa pupa: wavutaji wengi kweli hupunguza mwendo na kuacha nafasi kubwa mbele yao. Lakini gari lao huyumba ndani ya njia, na jambo la ghafla likitokea wanachelewa. Bangi ikichanganywa na pombe, hata kidogo, madhara yanajumlishana. Mwambie pia kwamba, tofauti na pombe, kiasi cha bangi kwenye damu hakilingani vizuri na kiasi cha ulevi, kwa hiyo hesabu ile ya ubaoni haifai hapa.

Watu wazima wa miaka 30 na 40 ndio wagumu zaidi kwangu, nakiri hivyo baada ya kukaa nao miaka mingi. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo imefanya programu nyingi za kinga zimiminwe shuleni na vyuoni, kana kwamba ukishapita miaka 25 hakuna tena wa kukinga. Hali yako darasani inaonyesha vingine. Mtu wa miaka 42 ameendesha akiwa amekunywa mara nyingi kabla ya usiku ule mmoja aliokamatwa, na kila safari aliyofika salama ilimwongezea imani. Mazoea yana taabu, naye amezoea kufika.

Atakuambia anaishika pombe. Ni kweli kwamba mwili wa mnywaji wa muda mrefu huzoea: hapepesuki, hasemi kwa kukokota, anapiga hesabu zake sawasawa. Ila kutoonekana amelewa hakupunguzi pombe iliyomo kwenye damu yake, na kuzoea huko hakumlindi barabarani kama anavyodhani, hasa jambo lisilotarajiwa linapotokea mbele ya gari. Tena mgeuzie hoja hiyo: mtu aliyekutwa na kiwango cha juu naye amesimama wima na kuzungumza vizuri na askari, huo usimamaji wenyewe ni dalili kwamba mwili umeshazoea. Kwa mtu kama huyo, majibu mazuri kando ya barabara ni sababu ya kumpeleka kwa daktari.

Wengine watakuambia bilauri moja inawatuliza na kuwafanya waendeshe vizuri zaidi. Wasimulie habari ya Grand Rapids. Robert Borkenstein, aliyebuni kipima pombe cha pumzi kiitwacho Breathalyzer mwaka 1954, aliongoza utafiti mkubwa katika mji huo wa jimbo la Michigan, akilinganisha madereva waliopata ajali na wengine waliopita mahali hapohapo bila ajali. Matokeo yalipotoka mwaka 1964, hatari ilipanda pamoja na pombe kama ilivyotarajiwa. Lakini wale wenye pombe kidogo sana walionekana kupata ajali pungufu hata kuliko wasiokunywa kabisa. Wapenda bilauri moja wakafurahi. Baadaye data zilichambuliwa upya kwa kuwatenga wanywaji wa kila siku na wale wa nadra, na fumbo likafumbuka: makundi hayo mawili yalikuwa yamechanganywa, na ndani ya kila kundi, pombe ikiongezeka hatari nayo inaongezeka. Naipenda simulizi hii kwa sababu inawapa watu wazima heshima ya kufikiri. Wanapenda kubishana, basi wabishane na takwimu.

Kwao dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10, linafaa. Alama 8 na kuendelea zinaashiria unywaji wa hatari, na alama zikiwa juu sana, somo la darasani halitoshi. Huyo anahitaji tiba ya uraibu. Usikate tamaa naye ukasema sikio la kufa halisikii dawa. Wells-Parker na wenzake mwaka 1995 walikusanya tathmini 215 za programu za madereva walevi, wakaona kwamba kwa wastani programu hizo zilipunguza kurudia kosa kwa asilimia 7 hadi 9 zikilinganishwa na kutopewa programu yoyote. Ni kidogo, lakini hao ni watu hai. Na zilizofanya vizuri zaidi ni zile zilizounganisha mafunzo, ushauri nasaha na ufuatiliaji baada ya darasa. Kifaa kinachozuia gari kuwaka mpaka dereva apulize pumzi safi nacho hupunguza sana kurudia kosa kikiwa kimefungwa, kisha faida yake hufifia kikiondolewa. Kwa hiyo miezi ya kifaa ndiyo miezi ya kumtibu mtu, kabla fundi hajakifungua.

Jambo lingine kuhusu umri huu: leseni ni riziki. Mtu wa makamo mara nyingi anakunywa juu ya jambo fulani, kazi iliyoporomoka, ndoa iliyovunjika, deni. Muulize wiki yake inavyokwenda, siku gani anakunywa na gari liko wapi siku hiyo. Uamuzi wa kuliacha gari nyumbani unafanyika asubuhi, akiwa na akili timamu. Jioni umeshachelewa.

Na mzee wako anayekuambia yeye si mlevi? Mwamini kwanza. Inawezekana kabisa anasema kweli. Mwili wa binadamu hupungukiwa maji kadiri unavyozeeka, na pombe husambaa kwenye maji ya mwili. Bilauri zilezile mbili alizokunywa akiwa na miaka 35, leo zinatoa kiwango kikubwa zaidi kwenye damu. Hakubadilisha chochote, mwili ndio uliobadilika chini yake bila kumwarifu. Ukilieleza jambo hilo kwa namna hiyo humvunjii heshima, na mara nyingi utaona mabega yake yakishuka.

Kisha ziulizie dawa. Hapa ndipo madarasa mengi ya madereva walevi yanapowaangusha wazee, kwa kuwa hakuna anayewauliza. Vidonge vya usingizi, vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya diazepamu, vya maumivu makali vya jamii ya afyuni, hata dawa za mafua na mzio za aina ya zamani zinazoleta usingizi: vyote hivi humlevya dereva, na vikikutana na bilauri moja vinaongezeana nguvu. Katika mwili wa mzee diazepamu hukaa muda mrefu, kidonge cha jana usiku kikiwa bado kazini leo mchana. Utafiti uliofanywa Quebec, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1997, juu ya madereva wa miaka 67 hadi 84, ulionyesha kwamba dawa za jamii hiyo zinazokaa muda mrefu mwilini ziliongeza hatari ya ajali yenye majeruhi kwa asilimia 45 hivi katika wiki ya kwanza ya kuzitumia. Wiki ya kwanza, mwenzangu. Ni wakati ambao mgonjwa bado anaamini dawa imempa tu usingizi mzuri.

Usije ukamwambia mzee aziache dawa hizo mara moja. Aliyezitumia kwa muda mrefu akikatiza ghafla anaweza kupata degedege. Mpeleke kwa daktari au mfamasia wake na orodha kamili mkononi, dozi zipunguzwe au zibadilishwe kwa utaratibu.

Chunguza pia unywaji wenyewe ulianza lini. Kuna wazee waliokunywa sana tangu ujanani na wakabahatika kuishi, na kuna walioanza au kuzidisha baada ya kufiwa na mwenzi au kustaafu. Hawa wa pili huitikia msaada vizuri sana, lakini hawaonekani, kwa sababu wanakunywa nyumbani, kimya, na hakuna bosi wa kuwaona. AUDIT inaweza kuwapita kwa kuwa kiasi chao ni kidogo. Dodoso la MAST-G lilitungwa mahsusi kwa wazee na huuliza mambo kama kunywa kwa upweke na baada ya msiba. Kumbuka pia mwili wa mzee hauhimili ajali: mgongano ambao kijana anatoka na michubuko, mzee anaweza asitoke.

Na umsikilize kwa adabu ya umri wake. Ukiwa mdogo kwake, muamkie kabla ya darasa na umuulize mambo haya faraghani, kamwe usimuulize mbele ya kijana wa miaka 19. Nyuma ya ukali wa mzee kuna hofu moja kubwa, kwamba ukimnyang'anya funguo za gari umemnyang'anya maisha yake. Zungumzeni mapema nani atampeleka hospitali na msibani siku ambazo hataendesha.

Sasa swali lako: uwagawe? Kwa darasa zima, hapana. Hasa usiwatenge vijana peke yao. Thomas Dishion na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba kuwakusanya vijana wenye tabia hatarishi katika kundi moja kunaweza kuzidisha tabia hizo, kwa kuwa wanasifiana makosa. Waache wote wakae pamoja kwenye hesabu ya ubaoni na habari za Grand Rapids, ila usimruhusu mtu mzima yeyote kusimulia ulevi wake kama ushujaa. Wagawe kwa kikao kimoja au viwili: vijana wafanye mazoezi ya maneno ya kukataa, watu wazima wapange wiki zao, wazee wakae na orodha ya dawa.

Kabla ya yote hayo, kaa na kila mmoja nusu saa. Umri ni swali la kwanza tu. Baada yake uliza alianza kunywa lini, alipimwa kiwango gani, ni mara ya ngapi, anameza nini. Utakuta kijana wa miaka 19 anayekunywa asubuhi ili mikono isitetemeke, naye anahitaji daktari kuliko wenzake wa miaka 45. Utakuta wa miaka 45 aliyelewa mara moja harusini, ambaye atakwenda salama na mpango mmoja mzuri.

Wiki hii anza na mzee. Mpigie simu leo, umwombe aje nusu saa kabla ya wengine, na abebe kwenye mfuko dawa zote zilizopo nyumbani kwake, hata zile alizopewa na jirani.